Kalashi juu ya plafoni: kisa cha parsela moja ya Kadutu

Kuko kisa nimekaa nacho moyoni tangu Februari 2025, na kila nikisikia vijana wanabishana eti raia wa Kongo tupewe haki ya kubeba silaha kama Wamarekani, kinanirudia chote, ata harufu yake. Leo nakieleza kama kilivyokuwa, halafu nitasema nimeona nini ndani yake. Watu sitawataja na avenyu sitaitaja, itoshe kujua ni huku Kadutu, mtaa wa Bukavu, mashariki ya Kongo, nyumba nne kwenye parsela moja, robine moja ya maji, choo kimoja cha shimo.

Mnakumbuka zile siku. Siku ya tano, yaani Ijumaa tarehe 14, waasi wa M23 walikuwa wameshapita Kavumu, penye uwanja wa ndege, na mjini askari wa serikali wakawa wanaondoka, wengine kwa gari, wengine kwa miguu na vyombo kichwani. Gereza kuu likafunguka. Posho, yaani Jumamosi, asubuhi tukaamka mji hauna mwenyewe, hakuna polisi, hakuna mtu wa kumuuliza kitu, depo zinavunjwa, watu wanapanda mlima na magunia mgongoni. Siku ya Mungu, Jumapili, ndio M23 wakaushika mji. Sasa kati ya waliotoka na walioingia kulikuwa na kama saa arobaini hivi ambazo silaha zilikuwa zinaokotwa kama maembe chini ya mti, maana kambi ya jeshi ilibaki wazi na watoto ndio walikuwa wa kwanza kuingia, si unajua watoto.

Posho jioni kijana wa nyumba ya pili, miaka 16, akarudi na gunia begani. Akasema ni unga. Mama yake akalifungua, akakuta unga kweli, kilo tano sita hivi, na ndani ya unga bunduki, kalashi, na shajeri moja ya masasi. Mimi niliitwa kwa sababu ni mwalimu, na kwetu mwalimu anahesabiwa anajua sheria zote. Nilipoingia mama alikuwa amepiga magoti kwenye simenti, anapangusa unga kwenye ile bunduki kwa kiganja, taratibu, vile mtu anavyomfuta mtoto kamasi, nadhani ata hakujua mkono wake unafanya nini. Mkanda wa bunduki ulikuwa umeshakatika zamani, mahali pake pamefungwa kipande cha kitenge cha kijani. Yaani kuko mwanamke mahali fulani alichana kitenge chake akampa askari afungie silaha. Hicho kitenge nilikitazama sana kuliko chuma chenyewe.

"Umetosha wapi hii kintu?" mama akauliza.

"Kule kwa kambi. Kila mutu alikuwa anakamata."

Basi ndio mabishano yakaanza, yakaenda usiku tisa.

Papa mwenye parsela, yaani baba mwenye hizo nyumba, alitaka ibaki, na sababu zake hazikuwa za kijinga, nataka nizieleze sawasawa. Mwaka 2024 aliibiwa mara mbili. Mara ya pili walikuja saa nane ya usiku na silaha, wakamfunga yeye na mkewe kwa waya ya pasi, wakabeba televizyo na feza zote za biashara ya mkewe. Alipopata kujifungua akapiga simu kuomba msaada, akajibiwa gari haina mafuta, wakaja kulipopambazuka kuandika karatasi. Na sasa wafungwa wako nje, silaha ziko mikononi mwa kila mtoto, huyo wa kupigiwa simu mwenyewe amekimbia. "Bezi bakikuya na ya kwabo, siye tutabaonesha nini?" Wote tukanyamaza, kwa sababu jibu hatukuwa nalo.

Mama wa kijana naye alikuwa na neno moja tu: "Hii kintu ikilala humu, miye silale." Nikadhani ni maneno ya hasira, kumbe kweli hakulala, usiku ule na uliofuata alikaa kwenye mlango na shali begani mpaka asubuhi. Bunduki ikapandishwa juu ya plafoni, yaani dari, pale mbao za triplexi zilipokuwa zimeachana, na shajeri ikawekwa kando ndani ya sufuria iliyotoboka.

Usiku wa tatu nikamtumia audio kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, aliyeko Texas. Alienda kama mkimbizi, leo ana kazi, ana bastola yake aliyonunua dukani kihalali, na kwa hili jambo ana imani kama ya dini. Akanijibu audio ya dakika kumi na moja. Alichosema kwa kifupi ni hivi, serikali ikishindwa kukulinda, haina uso wa kukunyang'anya cha kujilindia. Akanisimulia yale marekebisho ya pili ya katiba yao ya mwaka 1791, halafu kesi ya Dick Heller, mlinzi wa Washington aliyekuwa anabeba bastola kazini kwenye jengo la serikali, lakini nyumbani kwake haruhusiwi kuwa nayo kwa sababu mji ule ulikataza bastola tangu 1976. Mwaka 2008 mahakama kuu yao, majaji 5 kwa 4, ikasema haki ni ya mtu mmoja mmoja, anaweza kuwa na silaha nyumbani kwa kujilinda. Na Texas kwao tangu Septemba 2021 mtu mzima wa miaka 21 na zaidi asiye na kosa linalomkataza anabeba bastola njiani bila kuomba kibali.

Mimi nilipoenda kusoma zaidi nikakuta kesi nyingine iliyonigusa kuliko ya Heller, inaitwa kesi ya Warren. Washington hiyo hiyo, mwaka 1975, wanaume wawili wamevunja nyumba alfajiri, wanawake wa ghorofa ya juu wanasikia mwenzao anateswa chini, wanapiga simu polisi. Polisi wanakuja, wanagonga, hakuna anayefungua, wanaondoka. Wanapiga tena, wanaambiwa msaada unakuja, na hakuna aliyetumwa. Waliteswa saa 14. Mwaka 1981 mahakama ikaamua kwamba polisi wana deni la ulinzi kwa umma wote, si kwa mtu fulani mmoja. Nilipomsomea papa mwenye parsela akapiga paja: "Ona! Ata kule kwabo!" Na mimi nakubali, mtu aliyefungwa na waya nyumbani kwake akiniambia anataka silaha, siwezi kumwambia ni mjinga.

Lakini kaka yangu na mimi tunaachana njia hapa. Ile iliyokuwa juu ya plafoni yetu isingekuwa halali ata kwake Texas. Kalashi ya jeshi inayomimina masasi mfululizo, Marekani waliibana tangu sheria ya 1934, na tangu 1986 mpya yoyote ya namna hiyo raia haruhusiwi kuipata. Kijana wa miaka 16 hawezi kuingia dukani akauziwa bunduki, na kaka yangu mwenyewe kabla ya kupewa bastola alijaza fomu, jina lake likapitishwa kwenye mashine za FBI, wapelelezi wa serikali yao, wakamtazama kama ana kosa. Jaji Scalia, yule yule aliyeandika hukumu ya Heller, akaandika humo humo kwamba haki hii ina mipaka, waliohukumiwa kwa makosa makubwa wanaweza kukatazwa, shuleni na majengo ya serikali kunaweza kukatazwa, na silaha za kivita ni habari nyingine. Sasa vijana wetu wanachukua neno haki peke yake wanaliacha lile linalolizunguka, fomu, hakimu, mtu wa kukupokonya ukionekana hufai. Sisi tulikuwa na gunia la unga.

Na ata pamoja na hayo yote, wenzetu wanakufa. Kuna kadirio la 2017 kwamba raia wa Marekani wana bunduki kama milioni 393, nyingi kuliko watu wenyewe. Mwaka 2022 waliokufa kwa risasi kule walipita 48,000, na zaidi ya nusu walijiua wenyewe. Hii ndiyo hesabu niliyomrudishia kaka yangu, akakaa siku mbili bila kujibu. Mwaka 1993 daktari mmoja, Kellermann, pamoja na wenzake, walilinganisha nyumba ambamo mtu aliuawa na nyumba za jirani, wakakuta nyumba yenye bunduki ilikuwa na hatari ya mtu kuuawa ndani yake mara 2.7 hivi kuliko isiyo nayo, na mara nyingi muuaji ni ndugu au mtu wa karibu. Wapo wanaobisha, wanasema labda anayenunua silaha ni yule ambaye tayari yuko kwenye hatari, na hoja yao ina maana. Ila mimi niliishi siku tisa na hiyo kitu na nitasema nilichokiona.

Siku ya pili tu watoto wote wa parsela walikuwa wanajua. Siku ya nne kijana akaacha kuchota maji. Hakukataa kwa mdomo, mama akiita anainuka polepole, anatazama juu kwenye triplexi, halafu anatoka kwenda barabarani, na ndoo inabaki pale pale. Mtoto aliyekuwa ananiita mwalimu kwa heshima akaanza kuniita mzee. Papa mwenye parsela naye akabadilika, mtu mpole, mkatekista wa zamani, akaanza kutangaza saa ya kufunga lango na nani aingie nani asiingie, na sauti yake imekuwa nzito. Halafu siku ya tano akaja jirani wa parsela ya chini, kwa upole sana, na kopo la siagi kama zawadi kwa watoto, akakaa, akazungumza habari za mvua, mwishoni akauliza kama tunaweza kumuazima "ile ya juu" kwa usiku mmoja, kuko mtu anamdai na anamsumbua. Tukamwambia hatujui anasema nini. Akacheka akaondoka. Nikahesabu, nyumba nne watu 19, sasa na huyu, na mkewe, na huyo anayemdai. Silaha tuliyoweka ili tusiogope wezi ilikuwa imetufanya tuogope jirani aliyetuletea siagi.

Usiku wa saba wezi wakaja kweli, si kwetu, nje, nyumba ya pili kutoka lango letu. Tukasikia mlango unapigwa na jiwe kubwa, watu wanapiga sufuria na filimbi vile tunavyofanya siku zote, halafu milio mitatu ya risasi hewani na sufuria zote zikanyamaza kwa pamoja. Papa mwenye parsela akaingia nyumba ya kijana na tochi mdomoni, akapanda kiti, akashusha bunduki. Akapachika shajeri kinyume. Akaipachika tena. Mkono wake unatetemeka mpaka chuma kinagongana na chuma, hajui kile kipande cha pembeni kikishuka ni kufunga au kufungua, hajui kama lisasi imeshaingia au bado, na mdomo wa bunduki unatazama chini kwenye mkeka ambako mtoto wa miaka minne alikuwa amelala na mguu mmoja nje ya blanketi. Mama hakupiga kelele. Alitembea akasimama kati ya ule mdomo na mtoto wake. Wakakaa hivyo, wawili wanatazamana, sijui ni dakika ngapi, mpaka wezi wakaondoka zao na baiskeli na redio ya watu. Nimewahi kuona mengi Bukavu, ila lile la mama kusogea bila neno bado linanikuta usiku.

Asubuhi papa mwenye parsela mwenyewe akasema itoke. Sasa ndio tukagundua tatizo ambalo kwenye ule ubishi wote wa haki ya kubeba silaha sijasikia mtu analisema, nalo ni kwamba hatukuwa na mahali pa kuipeleka.

Uipeleke wapi? Ordonansi ya 3 Septemba 1985 ndiyo sheria ya silaha ya nchi yetu mpaka leo, raia anataka kibali, na silaha ya vita haimhusu kabisa. Raia aliyefanya kosa kwa silaha ya vita, sheria ya mahakama za kijeshi ya 2002 inampeleka mbele ya majaji wa kijeshi. Na majaji wenyewe siku zile hawakuwepo. Monusco, askari wa Umoja wa Mataifa, ambayo zamani ilikuwa inapokea silaha za wanaojisalimisha, ilishafunga kazi yake Kivu ya Kusini Juni 2024. Ukiwapelekea waliouteka mji, unawaambia kwa mdomo wako mwenyewe kwamba ulikuwa na silaha ya jeshi la serikali, nani atakuamini uliiokota kwenye unga? Na tarehe 18 Februari ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ilikuwa imetangaza kwamba M23 waliua watoto hapa Bukavu, vijana watatu waliokuwa na bunduki na nguo za jeshi walizochukua kambini, waliambiwa waweke silaha chini wakakataa. Habari hiyo mama aliisikia kwenye redio ya jirani, huku mwanawe amekaa kwenye kigoda mbele yake.

Kijana alitoa pendekezo lake pia, na hili lina wafuasi wengi kwa hiyo nilijibu. Alitaka kuingia rondi ya avenyu, vijana wajikusanye, silaha ziwe za kartye, walinde. Nikamkumbusha kwamba hiyo sisi tunaijua. Raia Mutomboki walianza Shabunda mwaka 2005 hivyo hivyo, raia waliochoka kuuawa na FDLR, waasi waliotoka Rwanda, na mapanga na mikuki, na watu waliwashangilia kwa haki kabisa, maana hakuna mwingine aliyewatetea. Miaka ikapita wakagawanyika makundi makundi, kila kundi na kizuizi chake cha barabara, mama anayekwenda sokoni analipa apite. Katiba yetu ya 2006, kipengele cha 190, inasema kuunda jeshi la binafsi au kukuza vijana wenye silaha ni uhaini mkubwa. Halafu Novemba 2022 rais mwenyewe akawaita vijana waunde vikundi vya ulinzi, na 2023 ikatoka sheria ya jeshi la akiba, na Wazalendo, ndio hao vijana wa vikundi vyenye silaha, wakawa wengi kuliko mtu anavyoweza kuhesabu. Ninaelewa ni kwa nini, nchi ilikuwa inavamiwa. Ila kijana wa Kadutu anayesikia mambo haya mawili kutoka nchi moja atajuaje bunduki mkononi mwake ni uzalendo au ni uhaini?

Tulifikiria ziwa. Lakini kushuka Kadutu mpaka ziwani na gunia refu siku zile ni kujitafutia kifo. Tulifikiria parokia, na kusema kweli hapo ndipo moyo wangu ulipo hadi leo. Msumbiji mwaka 1995 baraza la makanisa, askofu Dinis Sengulane akiwa mbele, walisema leta bunduki upewe cherehani, baiskeli, mabati, na bunduki zikakatwa katwa mafundi wakazifanya sanamu na viti. Hapa kwetu mchungaji Ngoy Mulunda na shirika lake la PAREC walifanya hivyo hivyo kule Katanga, leta bunduki upewe baiskeli. Australia, baada ya watu 35 kuuawa Port Arthur mwaka 1996, serikali ilinunua na kupokea kama silaha 650,000 kutoka kwa raia wake. Aliyetaka kuiachilia alikuwa na mlango wa kwenda kugonga. Sisi tulituma mtu amuulize kwa mafumbo mtumishi mmoja wa Mungu, akarudisha jibu kwamba anatuombea lakini asiletewe. Simlaumu, naye ana watoto wa watu anaowalea pale.

Naomba wanaobishana juu ya haki ya raia kubeba waanze na haki ya raia kurudisha. Mahali panapojulikana, pasipoandikwa jina, ambapo mama anaweza kuweka gunia lake akarudi nyumbani akiwa hai. Kesho ikija serikali yoyote, ya rangi yoyote, hilo ndilo jambo la kwanza ningemwomba mtu wake wa kwanza nitakayemwona, kabla ya kibali, kabla ya fomu, kwa sababu Bukavu ile wiki moja zimeingia nyumbani silaha ambazo hakuna daftari linalozijua, na nyingi ziko juu ya plafoni mpaka leo kwa sababu tu mwenyewe haoni aitoe vipi.

Usiku wa tisa tuliifungua kadiri tulivyoweza, mimi, papa mwenye parsela na mama, kijana alishika tochi akilia bila sauti. Masasi 23 tuliyatawanya na kuyazika. Chuma tukakiviringisha kwenye nailoni na kile kitenge cha kijani na mawe mawili, tukakidondosha kwenye shimo la choo. Tulisikia kikifika.

Mwezi wa saba mimi na wangu tulihama, mama pia alimtoa kijana akampeleka kwa mjomba wake nje ya mji, anafanya useremala, anajibu messeji zangu. Parsela ina wapangaji wapya, wana watoto watatu, wa mwisho anajifunza kutembea. Juzi papa mwenye parsela alinipigia. Choo kimejaa, wapangaji wanalalamika, amepata vijana wa kuja kukichimba na bei wameshapatana, ni siku ya posho hii, na anauliza tuwaambie nini.